Mdhamini ni Nani? Safari ya Neno "Trust" Hadi Kwenye Ardhi Yetu

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinaiagiza halmashauri ya kijiji iisimamie ardhi ya kijiji kana kwamba yenyewe ni "trustee" na wanakijiji ni wanufaika wa "trust". Sheria pacha yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, inatamka katika kifungu cha 4 kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais akiwa "trustee" kwa niaba ya raia wote. Neno tulilozoea kulitumia kwa Kiswahili ni "mdhamini". Rais ni mdhamini wa ardhi. Halmashauri ni mdhamini wa ardhi. Kauli hii tumeirudia mara nyingi mno, madarasani, kwenye semina na kwenye mikutano ya hadhara, hata imekuwa kama salamu: inaitikiwa bila kusikilizwa.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu mdhamini ni nani. Wengi hujibu kwamba ni yule anayekwenda polisi au mahakamani kumwekea mtu dhamana. Wengine, hasa wapenzi wa kandanda, husema ni kampuni ambayo jina lake limeandikwa kifuani kwenye jezi ya timu. Wachache, mara nyingi wale waliolelewa karibu na msikiti au kanisa, hukumbuka bodi ya wadhamini, watu ambao majina yao yamo kwenye hati ya kiwanja ilhali kiwanja si chao. Majibu yote matatu ni Kiswahili sahihi. Lakini tazama tofauti. Wa kwanza anahatarisha mali yake kwa ajili ya mwenzake. Wa pili anatoa fedha yake, kwa hiyo anastahili shukrani, na akichoka anaondoka. Wa tatu hana chake pale. Ameshika cha wengine na anadaiwa hesabu. Sheria zetu za ardhi zinamkusudia wa tatu. Nina hofu kwamba katika siasa zetu za kila siku tunamwona wa pili, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niifuatilie historia ya neno lenyewe tangu lilikotoka.

"Trust" si neno la Kilatini kama yalivyo maneno mengi ya sheria za Kiingereza. Liliingia kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, kwao likiwa "traust", yaani tegemeo, msaada, ulinzi. Katika Kiingereza cha leo limetawanyika kila mahali. Ni kuamini na ni kuaminika. Ni adabu ya barua, pale mwandishi anapoanza kwa kutumaini kwamba u mzima wa afya. Ni kumpa mtu bidhaa leo ukitarajia atalipa kesho. Hospitali za umma za Uingereza zinaendeshwa na vyombo vyenye jina hilo. Majumba ya kale na fukwe hutunzwa na National Trust iliyoanzishwa mwaka 1895. Wasomi waliomshauri Rais Franklin Roosevelt waliitwa "brain trust". Nchini Kenya ni jina la kondomu, nami sioni kwamba waliolichagua walikosea maana.

Maana iliyobeba uzito mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kisheria, na ilizaliwa katika mashaka ya wenye mashamba wa Uingereza ya zama za kati. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mtu kuusia ardhi yake atakavyo, na kila mwenye ardhi alipokufa, bwana aliyekuwa juu yake alidai malipo. Watu wakatafuta njia. Mtu alihamisha ardhi yake, angali hai, kwa marafiki kadhaa wanaoaminika, kwa masharti kwamba waishike kwa manufaa ya mkewe na watoto wake. Watawa Wafransisko waliofika huko mwaka 1224, ambao kanuni yao iliwakataza kumiliki mali, walikaa katika nyumba zilizoshikwa na wengine kwa ajili yao. Utaratibu ulikuwa mzuri hadi rafiki alipogeuka. Mahakama za kawaida za mfalme ziliangalia jina lililo kwenye hati tu: ardhi ni ya rafiki, basi. Wajane na mayatima walipokosa pa kwenda walimwendea Chansela wa mfalme, ambaye kwa karne nyingi alikuwa mtu wa kanisa, naye hakuuliza hati inasema nini. Aliuliza dhamiri ya mshikaji inasema nini. Akikuta kwamba amekabidhiwa kwa ajili ya wengine, alimwamuru atimize, na akikaidi alimfunga jela.

Wasomaji wa Zanzibar, Mombasa na Lamu watakuwa wamekwisha kuifikiria wakfu, na hawakosei kuifikiria. Wapo wanazuoni wanaoamini kwamba utaratibu huu wa Waingereza uliazima kitu kutoka wakfu za nchi za Kiislamu, wakitaja kwa mfano hati za Merton College ya Oxford iliyoanzishwa mwaka 1264. Mjadala huo siwezi kuumaliza hapa. Natosheka kusema kwamba hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kwamba neno "amana" katika jina hilo limetafsiri "trust" vizuri kuliko tulivyofanya Bara. Nitalirudia.

Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akikosa mapato kwa sababu ya hila hizi, alijaribu kuzifuta kwa sheria ya mwaka 1536. Mawakili wakaizunguka sheria hiyo, na kitu kilichotokea upande wa pili ndicho kilichokuja kuitwa "trust". Kuanzia hapo Mahakama ya Chansela ilijenga, kesi baada ya kesi, maadili makali ajabu. Kesi moja ya mwaka 1726 nawapa wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu mmoja alikuwa ameshika kwa niaba ya mtoto mkataba wa upangaji wa soko la Romford, karibu na London. Muda ulipokwisha, mwenye soko alikataa katakata kumpa mtoto mkataba mpya. Basi yule mshikaji akauchukua yeye mwenyewe, kwa jina lake. Hakuiba, hakudanganya, wala mtoto asingeupata mkataba ule kwa vyovyote. Chansela, Lord King, aliamua kwamba hata hivyo mkataba ni wa mtoto na faida yote ni ya mtoto. Katika dunia nzima, alisema kwa maana, mtu mmoja tu ndiye asiyeruhusiwa kuuchukua mkataba huu, naye ni yule aliyekabidhiwa.

Fikiria kanuni hiyo ikiingia kwenye ugawaji wa vibanda vya soko katika mji wowote unaoufahamu.

Tukumbuke basi muundo kamili. Yupo anayetoa mali, yupo anayeishika, yupo anayenufaika, na yupo hakimu ambaye mnufaika, hata akiwa mtoto, anaweza kupelekewa shauri lake. Mshikaji hachanganyi mali ile na yake, hajinufaishi, hajiuzii, na akiulizwa anatoa hesabu. Ukiondoa hakimu, vingine vyote vinabaki maneno ya upole.

Wamarekani walilichukua neno hili wakalipeleka kwingine kabisa. Tarehe 2 Januari 1882 wanahisa wa makampuni ya mafuta yaliyomzunguka John D. Rockefeller walikabidhi hisa zao kwa wadhamini tisa, ambao kwa njia hiyo waliendesha makampuni mengi kama kampuni moja, na Standard Oil Trust ikazaliwa. Wenye sukari, pombe kali na wengineo wakaiga. Katika miaka michache neno lililomaanisha uaminifu likawa tusi la wakulima na wafanyakazi dhidi ya ukiritimba, na mwaka 1890 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuuzuia. Ndiyo maana Kiingereza kina "antitrust law", ambayo mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuitafsiri "sheria ya kupinga uaminifu". Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake. Kwetu chombo cha kazi hiyo kinaitwa Tume ya Ushindani, jina linaloeleweka bila kuijua historia ya Rockefeller.

Njia nyingine ya neno ilikuwa ya siasa, na hiyo ndiyo iliyotufikia. John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1689, alieleza mamlaka ya watunga sheria kuwa ni kitu walichokabidhiwa kwa lengo maalumu. Wakilisaliti lengo, mamlaka yanarudi kwa wananchi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1783, Edmund Burke alisimama bungeni kuishambulia kampuni iliyokuwa ikiitawala India. Hoja yake ilikuwa kwamba mamlaka yoyote juu ya watu ni amana kwa maana kamili ya neno, na kwamba amana isiyo na kuwajibishwa si amana. Alijaribu hata kuligeuza neno kuwa kesi: Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, alishtakiwa mbele ya Bunge kuanzia mwaka 1788. Kesi ilichukua miaka saba na Hastings akaachiwa huru. Wahindi waliodaiwa kuwa wanufaika hawakuwa na kiti katika chumba kile.

Tunafika mwaka 1919. Ujerumani imeshindwa vita, na makoloni yake yanagawanywa. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Shirikisho la Mataifa kilisema kwamba ustawi wa watu ambao bado hawawezi kusimama peke yao katika dunia ya kisasa ni amana takatifu ya ustaarabu. Tanganyika ikaangukia kwa Uingereza, Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji. Linganisha jambo hili na muundo wa Chansela. Nani aliyetoa mali? Si Mgogo, si Mhaya, si Mrundi. Waliotoa ni washindi wa vita, na waliopokea ni walewale. Mnufaika hakuulizwa. Akiwa na malalamiko aliruhusiwa kuyaandika kwa Tume ya Geneva, lakini barua ilipaswa kupitia kwanza mikononi mwa mtawala anayelalamikiwa. Hata bwana wa zama za kati asingeota urahisi wa namna hiyo.

Mwaka 1923 Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika. Ilitangaza ardhi yote, iliyo na watu na isiyo na watu, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, ishikwe kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Soma tena kifungu cha 4 cha sheria yetu ya mwaka 1999 nilichokitaja mwanzoni. Gavana ameondoka, Rais ameingia. Wenyeji wamekuwa raia. Mifupa ni ileile.

Jirani zetu wa Kenya walipewa mwaka huohuo tamko la Serikali ya Uingereza lililojulikana kwa jina la Waziri wake, Devonshire, lililosema kwamba Uingereza imeshika amana kwa niaba ya Waafrika na kwamba masilahi yao ndiyo yatakayotangulia. Lilitumika zaidi kuwanyima Wahindi walichodai, na walowezi hawakunyang'anywa hata ekari moja kwa ajili yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutamkwa, na mwaka 1930 likawekwa kwenye sheria iliyokuwa na neno "trust" katika jina lake: maeneo yaliyotengewa Waafrika yatakuwa yao milele, na kipande kikichukuliwa kwa shughuli ya umma watapewa kingine chenye thamani sawa, baada ya baraza la wenyeji kuulizwa.

Milele ile ilidumu miaka miwili. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, katika ardhi ya Waluhya, mahali palipojaa watu na mashamba. Wachimbaji wa Kizungu, wengi wao walowezi walioumizwa na kuporomoka kwa bei za mazao, wakamiminika. Kutafuta ardhi nyingine ya thamani sawa hakukuwezekana, na kuyauliza mabaraza kungechelewesha mambo. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ingeweza kuondolewa bila kupatiwa nyingine, fidia iwe fedha, na wenyeji wasilazimike kuulizwa kwanza. Makelele yalisikika hadi bungeni London, na marekebisho yakabaki. Mdhamini alibadilisha masharti ya udhamini wake siku ileile mali ilipopata thamani. Mtoto wa soko la Romford alikuwa na Chansela. Mluhya wa Kakamega alikuwa na Gavana, ambaye ndiye mdhamini.

Jina hilo halikufa na ukoloni. Katiba ya Uhuru ya Kenya iliziweka ardhi hizo, zikiitwa "trust land", chini ya halmashauri za wilaya, na taarifa ya Tume ya Ndung'u iliyotolewa mwaka 2004 ilieleza kwa urefu jinsi ardhi za umma, hizo zikiwamo, zilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye nguvu. Katiba ya mwaka 2010 ililitupa jina na kuleta "ardhi ya jamii".

Kwetu mambo yalichukua mkondo mwingine baada ya Vita Kuu ya Pili, na hapa neno lilitenda kazi ambayo waliolileta hawakuitarajia. Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha makubaliano yaliyoifanya Tanganyika nchi ya udhamini. Tofauti na zamani ilionekana ndogo: sasa mwananchi aliweza kupeleka lalamiko lake moja kwa moja New York, na kila miaka mitatu ujumbe wa Baraza la Udhamini ulikuja kukagua. Haikuwa mahakama, lakini palikuwa pengine pa kusemea mbali na kwa mshtakiwa.

Wameru ndio waliolifungua tundu hilo. Serikali, ikifuata mapendekezo ya Jaji Wilson ya kutenga eneo moja la walowezi kati ya Kilimanjaro na Meru, iliamua kuwahamisha wananchi wa Engare Nanyuki. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Wengi walikataa kwenda Kingori walikoelekezwa. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Kirilo alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa. Hoja yake, ukiivua mapambo, ilikuwa hoja ya mnufaika kwa mdhamini: ardhi hii umeishika kwa ajili yetu, kwa mamlaka gani umempa mwingine?

Hakushinda. Baraza la Udhamini lilisikitika. Pendekezo la kutaka Wameru warudishiwe ardhi lilifika Baraza Kuu likakosa theluthi mbili ya kura. Nimewasikia watu wakiieleza safari ile kama kushindwa kwa heshima, nami sikubaliani nao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelazimika kueleza mbele ya mataifa kwa nini iliwachomea nyumba watu inaodai kuwalea, na Kirilo aliporudi habari ile ilienea mbali sana kutoka mlima Meru. Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka. Hakudai uhuru wa kesho. Alitaka itamkwe waziwazi kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa asili mbalimbali, ni nchi ya Kiafrika na itatawaliwa hivyo. Nguvu ya hoja ilikuwa katika neno: nchi hii si koloni, mmeishika kwa amana, basi semeni mtaikabidhi lini na kwa nani. Ujumbe wa ukaguzi wa mwaka 1954 ulikuwa umekadiria miaka 20 hadi 25, na Uingereza ilikasirika kwamba muda umetajwa kabisa. Tulipata uhuru Desemba 1961.

Wenzetu wa Namibia walikutana na uso mwingine wa neno hilohilo. Afrika Kusini iliikatalia kuwekwa chini ya udhamini mpya, ikaendelea kuishika nchi yao. Ethiopia na Liberia, zikiwa wanachama wa zamani wa Shirikisho la Mataifa, zilifungua shauri katika Mahakama ya Kimataifa. Julai 1966 majaji waligawanyika saba kwa saba, na kwa kura ya turufu ya Rais wa Mahakama ikaamuliwa kwamba nchi hizo hazikuwa na haki ya kisheria ya kudai utekelezaji wa amana ile. Amana takatifu, mahakama ilieleza, ni wazo la kimaadili. Ili liwe sheria lazima livikwe umbo la sheria. SWAPO, iliyokuwa na ofisi Dar es Salaam na wapiganaji waliofunzwa Kongwa, ilisema kwamba sasa imebaki silaha. Mapigano ya kwanza yalitokea mwezi uliofuata.

Mwaka 1977 mahakama ya London ilimaliza kazi kwa lugha tulivu zaidi. Wenyeji wa Banaba, kisiwa kidogo cha Pasifiki ambacho udongo wake wa fosfeti ulichimbwa tangu mwaka 1900 hadi pakabaki miamba, waliishtaki Serikali ya Uingereza. Jaji Megarry alisafiri hadi kisiwani kujionea. Hukumu yake ndefu ilitofautisha "trust" za aina mbili: ile ya chini, ambayo mahakama huilazimisha, na ile ya juu, ambayo ni wajibu wa kiserikali na haiwezi kulazimishwa na mahakama. Ya Banaba ilikuwa ya juu. Sijapata kuona mahali pengine ambapo kupandishwa cheo kumemwacha mtu mikono mitupu kiasi hicho.

Sasa turudi nyumbani. Je, "trust" ya kifungu cha 4 na ya kifungu cha 8 ni ya juu au ya chini? Naona si sawa. Kifungu cha 4 kinamtaja mdhamini na raia, kisha kinanyamaza. Kifungu cha 8 kimeandikwa na mtu aliyeijua Mahakama ya Chansela: kinawataja wanufaika, kinaikataza halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kinaitaka itoe taarifa kwenye kila mkutano wa kawaida. Hapo kuna "trust" ya chini, ile yenye meno. Lakini kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo ya vijiji kinampa Rais uwezo wa kuihamisha ardhi ya kijiji kwa masilahi ya umma, na masilahi hayo yanahusisha uwekezaji. Eneo likizidi hekta 250, mkutano wa kijiji unabaki na mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Ukubwa unaovutia wawekezaji ndio uleule unaomwondolea mnufaika kura yake.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoanza kazi mwaka 1991, iliuona mtego huu mapema. Ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji yenyewe, na ardhi ya taifa iwekwe chini ya bodi badala ya mkono wa Serikali. Kiini cha pendekezo hilo kilikataliwa. Katika mjadala wa miaka ile, udhamini wa Rais ulitetewa kama ngao ya mwananchi mdogo dhidi ya soko. Hoja hiyo ina uzito. Nchi ambako ardhi inauzwa kama viazi zimetupa somo. Ila ngao lazima ishikwe na mtu unayeweza kumwuliza ameielekeza wapi.

Lugha nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, na wafasiri wanapaswa kuamua watakiweka nini mahali pa "trust". "Udhamini" umeshatamalaki: tunao hata kwenye jina la Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ajabu ni kwamba mzizi wake ni mkali. Katika fiqhi, "dhamana" ni wajibu wa kulipa kilichopotea, wakati mwenye "amana" halipi ikiwa hakuzembea. Kwa asili yake, basi, mdhamini ni mtu anayelipa. Mpira na matangazo ndivyo vilivyomgeuza kuwa mtu anayetoa. "Amana" imehamia benki, ambako angalau kila mwenye akaunti anajua fedha ni yake na anaweza kuidai dirishani. Pia inaye adui wake kamili katika Kiswahili, khiyana, na kila mzee wa pwani anajua nini maana ya kuhini amana ya yatima. "Udhamini" hauna neno la namna hiyo. Tunalazimika kusema "kukiuka masharti ya udhamini", maneno manne yasiyomtisha mtu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, aliyewahi kuwa mtendaji wa kijiji, aliniambia kwamba katika miaka yake minne ya kazi hakuna mwanakijiji aliyewahi kuomba kuona rejesta ya ardhi. Waliomba wagawiwe. Nilimwuliza kama rejesta ilikuwapo. Ilikuwapo, alisema, kwenye kabati la mwenyekiti.

Kwa wafasiri wa sheria, basi, ombi langu ni dogo. Mtakapofika kifungu cha 8, msitafsiri "trustee" kabla ya kutafsiri "beneficiary". Anzeni na mwenye mali, mtafuteni jina lake la Kiswahili linaloeleweka kijijini, ndipo mshikaji apewe jina linaloendana na la mwenyewe.